Ngoma Iliyovuka Bahari

Wako watu wasemao kwamba ngoma za wazee ni ushamba, hazimfai mtu aliyesoma. Leo twawajibu kwa habari ya ngoma mbili zinazosifiwa duniani pote: tango na rumba.

Zamani za biashara ya watumwa, watu wengi wa Kongo na Angola walikamatwa, wakapakiwa merikebuni na kuuzwa Amerika. Hawakuchukua jembe wala mkeka. Walibaki na mapigo ya ngoma waliyoyakumbuka, na miguu iliyoyajua. Katika miji ya Buenos Aires na Montevideo mapigo hayo yalichanganyika na nyimbo za wahamiaji wa Ulaya, na mwishoni mwa karne ya 19 tango ikazaliwa katika mitaa ya maskini. Matajiri wa huko waliidharau. Ilipopendwa Paris, karibu na mwaka 1913, nao wakaipokea!

Kisiwani Kuba wajukuu wa watumwa walicheza rumba. Husemwa kwamba jina hilo latokana na neno la Kikongo *nkumba*, maana yake kitovu. Katika miaka ya 1930 sahani za santuri za Kuba zilifika Léopoldville, yaani Kinshasa ya leo, na watu wakaitambua sauti ya nyumbani. Wakaipigia gitaa, wakaiimba kwa Kilingala. Mwaka 1960 Joseph Kabasele na African Jazz walishangilia uhuru kwa rumba. UNESCO iliiandika tango katika orodha ya urithi wa wanadamu mwaka 2009, na rumba ya Kongo mwaka 2021.

Hata Kanisani, ambako zamani mapadri wengi waliikataza ngoma, mambo yamegeuka: mwaka 1988 Roma ilikubali Misa ya taratibu ya Zaire, ambamo watu huimba na kucheza mbele ya Mungu.

Sasa tutazame kwetu Beni. Tangu Oktoba 2014 vijiji vingi vimepatwa na mauaji. Jamaa wengi wamekimbilia mjini, nao pia bila jembe wala mkeka. Kijijini mtoto alijifunza ngoma za Wanande pasipo mwalimu: siku ya arusi alisimama nyuma ya mama yake, akaziiga hatua zake. Mjini, katika chumba kimoja cha kupanga, atamwiga nani?

Kwa hiyo, enyi wazazi, msingoje kurudi kijijini. Jumapili alasiri mwiteni bibi, mpeni kiti, naye awaimbie watoto na kuwaonyesha hatua moja baada ya nyingine. Nanyi wanafunzi, msimcheke. Ulizeni maana ya kila wimbo na kuuandika daftarini.

Wahenga walisema: Mwacha mila ni mtumwa. Wale waliovushwa bahari walifanywa watumwa kweli, lakini mila hawakuiacha. Je, sisi tutaiacha?