Barua ya Wazi kwa Mkurugenzi Mkuu wa NIMR: Tupeni Ukumbi Amani

Ndugu Mkurugenzi Mkuu,
Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu.

Anayekuandikia kutoka Muheza ni mtu aliyezunguka nyumba kwa nyumba katika wilaya hii na ya jirani, begi la madodoso begani, kisanduku cha barafu chenye vichupa vya damu mkononi. Kazi hiyo niliifanya kwa mkataba, katika mradi ambao sitautaja. Mradi ulipokwisha, gari halikuonekana tena kijijini. Kuna bibi anayeuza machungwa sokoni ambaye mjukuu wake nilimtoboa kidole mara nne. Kila nikipita hunisimamisha. Hadai fedha wala dawa. Huuliza tu, "Ile damu ilisemaje, baba?" Sina la kumjibu. Matokeo yalitangazwa kwenye ukumbi wa hoteli, mbali na hapa, kwa Kiingereza, na sisi tuliobeba vichupa hatukualikwa.

Kwa ajili ya swali la bibi huyo nakuomba jambo moja: kifufueni kituo chenu cha Amani kiwe mahali pa mikutano ya utafiti wa tiba, na kila mkutano utakaofanyika pale uwe na siku ya watu waliotoa damu.

Amani unaijua kuliko mimi. Wajerumani walianzisha taasisi yao ya biolojia na kilimo huko juu, Usambara Mashariki, mwaka 1902. Baada ya Vita Kuu ya Pili wakaingia wataalamu wa malaria. Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika mwaka 1977, NIMR ikaundwa kwa sheria ya mwaka 1979, na maabara, nyumba za watumishi na maktaba yenye vitabu vya tangu enzi hizo vikawa mikononi mwenu. Baadaye kazi kubwa zilishuka Ubwari, hapa Muheza. Sababu zinaeleweka. Mtafiti wa malaria anafuata mbu na wagonjwa waliko, nao wako tambarare; na barabara ya kupanda kule, masika yakishika, inamtesa dereva. Lakini baridi ile ile ya huko juu inayowapunguza mbu ndiyo itakayowafaa watu watakaokaa siku tatu wakisikilizana. Mijini mkutano hupungua watu baada ya chai ya saa nne, kila mmoja na shughuli zake. Ukishafika Amani huna pa kutorokea.

Wenzetu wamelifanya jambo hili katika kijiji. Hinxton iko kusini ya Cambridge, Uingereza, na ina jumba la kale la karne ya 18, Hinxton Hall. Shirika la Wellcome lilinunua eneo lile mwaka 1992, na mwaka uliofuata kikafunguliwa kituo cha utafiti kilichopewa jina la Sanger, ambacho kilikuja kusoma karibu theluthi moja ya jenomu ya binadamu. Jumba la kale likawa sehemu ya kituo cha mikutano. Watafiti kutoka pande zote za dunia hulala hapo, hula hapo, hubishana hapo. Na wananchi wa kawaida, wanafunzi wakiwemo, nao hupata nafasi ya kuingia, kutazama na kuuliza. Tunahusikaje na Hinxton? Mwaka 2023 mtandao wa utafiti wa malaria uitwao MalariaGEN, unaofanya kazi na Sanger, ulitoa taarifa za vinasaba vya sampuli zaidi ya 20,000 za vimelea vya malaria kutoka nchi 33, Tanzania ikiwamo. Kwa hiyo vimelea vilivyotoka kwenye vidole vya watu wetu vimeingia katika mazungumzo ya dunia, na wenye vidole hawajapata hata kupanda mlima wao wenyewe kwenda kusikia habari zake.

Mwaka 2009 ulianza utafiti wa awamu ya tatu wa chanjo ya malaria ya RTS,S. Ulihusisha watoto 15,459 katika vituo 11 vya nchi saba, na viwili kati ya vituo hivyo vilikuwa Korogwe na Bagamoyo. Shirika la Afya Duniani liliipendekeza chanjo hiyo Oktoba 2021. Ya pili, R21, ambayo Bagamoyo pia ilishiriki kuijaribu, ikapendekezwa Oktoba 2023. Mtoto wa Korogwe aliyedungwa akiwa wa miezi michache leo ni kijana wa sekondari. Sisemi kwamba wazazi hawakuelezwa kitu. Najua watafiti waliokaa chini ya miembe na kueleza hadi jua likazama. Ninachosema ni kwamba kijana yule anastahili kukaa ukumbini, mbele, aambiwe na wataalamu kwa mdomo wao kwamba chanjo wanayopewa leo watoto wa nchi nyingine imepita kwanza kwenye mkono wake. Wapo pia wanavijiji wa Mwanza walioshiriki utafiti wa mwaka 1991 hadi 1994, ulioonyesha kuwa kutibu vizuri magonjwa ya zinaa kwenye vituo vya afya kulipunguza maambukizi mapya ya VVU kwa takriban asilimia 40. Dunia nzima ya tiba iliusoma.

Ndugu Mkurugenzi, nimewahi kuitwa mumiani, mnyonya damu. Mlango ulifungwa mbele yangu, watoto wakaitwa ndani. Neno hilo tumelikuta. Bibi zetu walilitumia tangu enzi za mkoloni kutukataza kusogelea magari ya wageni jioni, na wengi wa wenye shahada hulisikia wakacheka. Mimi sikucheka, kwa sababu wiki moja kabla mwanamke wa nyumba ile alikuwa ameniuliza damu ya mwaka uliotangulia iliishia wapi, nikababaika. Damu ikichukuliwa na habari isirudi, watu wataitunga habari yenyewe.

Na irudi kwa Kiswahili. Fomu ya ridhaa tuliisoma kwa Kiswahili, asiyejua kusoma akaweka dole gumba mbele ya shahidi. Lugha iliyotosha kuombea damu inatosha kueleza damu hiyo ilisema nini. Mtafiti mgeni apewe mkalimani; mzawa ajitahidi.

Siombi jumba la vioo. Naomba paa lisilovuja, umeme wa uhakika, vyoo safi, vitanda vya kutosha, projekta, na gari la kuwapandisha watu kutoka vijijini na kuwarudisha kabla ya giza. Siku yao isigeuzwe sherehe ya kugawa fulana na kofia, kwaya ikaimba na mgeni rasmi akaondoka. Waanze wao kuuliza. Fedha zinaweza kupatikana kidogo kidogo: Kamati ya Taifa ya Maadili ya Utafiti wa Afya iko kwenu, na hakuna mradi wa afya unaopaswa kumgusa mtu kabla ya kupata kibali cha maadili. Kila ombi la kibali liwe na fungu la mrejesho, na sehemu ya fungu hilo iende kwenye ukumbi wa Amani. Sheria yenu inawapa kazi ya kusajili matokeo ya utafiti unaofanywa nchini na kuhimiza yatumike. Hamhitaji sheria mpya.

Naomba kwanza mtume watu wenu wakapime majengo yale kiangazi hiki, barabara ikiwa inapitika, na mtutangazie walichokikuta. Kisha pangeni tarehe ya mkutano wa kwanza, hata uwe wa watu hamsini. Mkishaipanga nipeni, niipeleke sokoni kwa bibi wa machungwa mimi mwenyewe.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mhoji wa zamani wa nyumba kwa nyumba,
Muheza, Tanga