UCHAMBUZI: Joto la Mbeere mtihani kwa pampu za jua

TANGU ugatuzi uanze mwaka 2013, jukumu la kuwafikishia wananchi maji limo mikononi mwa kaunti. Katika nyanda kame za Meru na Embu, pampu ya kisima inayoendeshwa kwa nguvu za jua imekuwa tegemeo. Hata hivyo, jua hilo hilo linaloiendesha ndilo linaloweza kuiua, na pigo huanzia katika kifaa ambacho mnunuzi hakioni: kichujio cha umeme ndani ya inveta.

Inveta hukatakata umeme wa paneli maelfu ya mara kwa sekunde ili uweze kuzungusha mota. Ukataji huo huzaa mawimbi yasiyotakiwa. Kuyatuliza ndiyo kazi ya kichujio, ambacho ni koili na kapasita zilizopangwa pamoja. Kapasita za bei nafuu zina majimaji ndani yake. Joto likizidi, majimaji hayo hukauka, uwezo wa kichujio hupungua, mota huchemka na hatimaye mtambo huzimika.

Kanuni inayotumiwa na wahandisi ni kwamba kila nyuzi 10 zinazoongezeka hupunguza maisha ya kapasita hiyo kwa nusu. Iliyopimwa kudumu saa 2,000 katika nyuzi 105 itadumu takriban saa 32,000 katika nyuzi 65. Ikifanya kazi saa 10 kwa siku, hiyo ni karibu miaka tisa. Katika nyuzi 95, itaishia saa 4,000, yaani siku 400 tu, ilhali paneli kwa kawaida hudhaminiwa miaka 25.

Tofauti hiyo ina uzito hapa. Mji wa Embu uko katika mwinuko wa mita 1,350 hivi, wenye hewa ya baridi kiasi. Ukiteremka Mbeere kuelekea Mto Tana, hali hubadilika kabisa, na sanduku la chuma lililoachwa juani huwa na joto kuliko hewa inayolizunguka. Mtambo uliofaulu mjini unaweza kushindwa huko.

Dawa ipo. Kapasita za utando wa plastiki hazina majimaji ya kukauka, ingawa ni kubwa na ghali zaidi. Katika saketi ndogo za vipimo, seramiki ya Y5V inaruhusiwa kupoteza hadi asilimia 82 ya uwezo wake ifikapo nyuzi 85. Ile ya C0G haibadiliki kwa kiasi cha kuonekana. Kivuli na nafasi ya hewa kupita huongeza miaka bila gharama kubwa.

Kanuni za mwaka 2012 kuhusu umeme wa jua zilidai leseni kwa mafundi na wauzaji. Leseni pekee haitoshi. Hati ya zabuni yapasa kutaja joto la ndani ya sanduku na saa ambazo kichujio kitadumu katika joto hilo. Chuo Kikuu cha Embu na kile cha Sayansi na Teknolojia cha Meru viko karibu, na vingeweza kushirikishwa katika upimaji. Rahisi ni ghali: kisima kikinyamaza, anayelipa ni mwananchi anayerudi mtoni na mtungi.