Simu mpya isigeuzwe yaya

Mwaka wa 2011, simu za Android aina ya IDEOS ziliingia Kenya kwa bei ya takribani Sh8,000, na nyumba nyingi sasa zina simu ya kugusa kioo. Yangu nina wiki mbili nayo. Nilichokiona kwanza ni kwamba mpwa wangu wa mwaka mmoja na nusu hakuhitaji kufundishwa. Kioo kinataka kidole tu, na kidole anacho. Siku ya tatu alikataa uji mpaka aonyeshwe picha.

Hapo ndipo pa kuangalia, mzazi. Mtoto wa umri huo hujifunza kusema kwa kuongeleshwa na kujibiwa, na kioo hakimjibu. Mwaka 1999 chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kilishauri walio chini ya miaka miwili wasiwekwe mbele ya televisheni. Sioni kwa nini kioo kidogo kihesabiwe tofauti.

Hata hivyo, simu hii inamfaa mtoto ikikaa mkononi mwa mtu mzima. Ipige picha kadi ya kliniki, ili ikilowa au ikipotea uwe na nakala. Weka kwenye kalenda tarehe za chanjo, zikiwemo za wiki 6, wiki 10, wiki 14, na surua akifika miezi 9. Italia yenyewe kukukumbusha.

Wakati wa kula, iweke juu ya kabati. Kwetu mtoto alilia siku mbili. Ya tatu alikula, akashika kijiko na kukitaja jina.