Magurudumu Makubwa kwa Gari Kuukuu

Wenye magari makuukuu ya kuchukulia mahindi hupenda kuyatia magurudumu makubwa, ili tumbo la gari lisikwaruzwe na matope ya njia za mashambani karibu na Kitale. Kweli gari huinuka. Lakini kimo cha tairi kikiongezwa inchi 2, tumbo hupanda inchi 1 tu. Tena tairi likizidi kimo kwa sehemu moja katika kumi, saa ya mwendo huonyesha kilomita 80, kumbe gari laenda 88. Nayo Kitale imeinuka kuliko Bungoma kwa zaidi ya meta 400: wakati wa kuteremka na magunia, breki zilizochoka huelemewa zaidi, na wakati wa kurudi injini hulia mlimani. Kabla ya kulipa, mwenye gari na alipakie mzigo, kisha azungushe usukani mpaka mwisho, kulia na kushoto. Tairi likigusa bati, halifai.