Sabato ya Nani?

Muhula uliopita chama chetu kiliandaa mdahalo ambao naamini hakuna aliyeusahau. Mada ilikuwa hii: "Siku halali ya mapumziko kwa Mkristo ni Jumamosi wala si Jumapili." Ukumbi ulijaa pomoni, wengine wakachungulia madirishani. Mimi nilikuwa msemaji mkuu wa upande wa upinzani, na kura zilipohesabiwa upande wetu ulishinda. Nilibebwa juu juu kama mbunge! Hata hivyo, leo sikushika kalamu ili nijisifu. Nimeishika ili nikiri jambo. Swali kubwa kuhusu siku hiyo hatukuulizana ukumbini kamwe. Mimi niliulizwa jikoni, na sikuwa na jibu.

Kwa wale ambao hawakuwako, acha niwakumbushe kwa ufupi. Upande wa pendekezo ulisimama juu ya amri ya nne, Kutoka sura ya 20. Walisema Mungu aliumba kwa siku sita akapumzika ya saba, na ya saba huanza jua linapotua Ijumaa hadi litue Jumamosi. Wakatukumbusha kwamba Waadventista Wasabato walifika nchini Kenya mwaka 1906, wakaanzia Gendia kule Nyanza, na kwamba hadi leo hawajayumba. Sisi wapinzani tukajibu kwamba Yesu alifufuka siku ya kwanza ya juma, na kwamba Matendo ya Mitume sura ya 20 yaonyesha waumini wakikutana siku hiyo kuumega mkate.

Hapo ndipo kijana mmoja wa kidato cha pili alipoinuka na kuuliza, "Mheshimiwa mwenyekiti, Jumamosi itakuwaje siku ya saba ilhali mosi ni moja?" Watu walicheka mpaka kengele ikapotea. Lakini swali lile halikuwa la mchezo. Kiswahili kilizaliwa pwani, miongoni mwa Waislamu, na Ijumaa ndiyo siku yao ya kukusanyika. Kwa hiyo hesabu huanza kesho yake: mosi, pili, tatu, nne, tano. Ajabu ni kwamba baada ya Jumatano tuna Alhamisi, neno lililotoka kwa tano ya Kiarabu, kwa sababu Waarabu huanza kuhesabu Jumapili. Basi juma letu lina tano mbili! Kikamba nacho huiita Jumamosi Wathanthatu, yaani ya sita, na Jumapili ni Kyumwa. Siku moja hiyo hiyo ni ya kwanza kwa Mswahili, ya sita kwa Mkamba na ya saba kwa Mwebrania.

Nilikuwa nimejiandaa kwa historia pia. Nilisema kwamba mwaka wa 112 hivi, gavana wa Kirumi aitwaye Plinio alimwandikia Kaisari Trajano barua kuwahusu Wakristo, akasema walikuwa wakikutana siku maalum kabla ya mapambazuko. Mbona kabla ya mapambazuko? Kwa maoni yangu ni kwa sababu wengi wao walikuwa watumwa na wafanyakazi, na siku ile haikuwa ya mapumziko kwa sheria yoyote. Ilipofika mwaka 321, Kaisari Konstantino ndiye aliyeamuru mahakimu, watu wa mijini na karakana zipumzike siku ya Jua. Wakulima aliwaruhusu wafanye kazi, wasije wakapitwa na wakati wa kupanda. Nikaeleza pia kwamba Wahabeshi waligombania jambo hili kwa miaka mingi, hata mwaka 1450, enzi za mfalme Zara Yakobo, kanisa lao likakubali kuziheshimu siku zote mbili. Na kwetu Ukambani, wamishenari wa Africa Inland Mission walijenga kituo chao cha kwanza Nzaui mwaka 1895, wakatuletea Jumapili. Nilipiga makofi ya mwisho mwenyewe nikaketi.

Sasa tuje nyumbani. Wengi wenu mnaijua Salama, mji wetu ulio kando ya barabara kuu ya Mombasa, baina ya Malili na Sultan Hamud. Jina lake ni la amani lakini usingizi hauna. Malori hupita usiku na mchana, na dereva akisimama anataka chai sasa hivi, si kesho. Mama yangu ana hoteli ndogo hapo, ya mabati, meza sita. Tunapika chapati, maharagwe, muthokoi na nyama siku pesa zikipatikana. Anayemsaidia ni msichana mmoja kutoka upande wa Kitui ambaye mimi humwita Dada. Amenizidi miaka mitatu tu. Aliacha shule kwa ajili ya karo.

Jioni ile ya mdahalo nilifika hotelini nikiwa bado nanukia ushindi. Dada alikuwa ameketi kwenye kigoda akimenya viazi. Nikamsimulia yote: Plinio, Konstantino, Wahabeshi. Alinisikiliza vizuri bila kuacha kumenya. Nilipomaliza akasema, "Kwa hivyo umewashinda. Siku ni Jumapili."

"Ndiyo, Jumapili," nikajibu.

"Haya. Na mimi, siku yangu ni gani?"

Hakusema kwa hasira. Aliuliza vile mtu huuliza bei ya sukari. Nikafungua mdomo, nikaufunga. Kila Jumapili mimi na Mama huvaa nguo safi tukaenda kanisani, naye Dada hubaki kuwahudumia wasafiri. Alikuwa ametimiza mwaka mmoja na miezi minne kwetu, na nilipojaribu kukumbuka Jumapili aliyopumzika sikuipata hata moja, ila ile aliyougua malaria. Nyani haoni kundule. Nilisimama mbele ya watu mia mbili nikaitetea siku ya mapumziko, na chapati nilizokula asubuhi ya kila siku hiyo zilikuwa zimepikwa na mtu asiyeijua.

Usiku huo nilirudia amri ya nne, ile tuliyoitupiana ukumbini kama mpira. Isomeni wenyewe. Haiishii kwa mwenye nyumba. Inamtaja mwana na binti, mtumwa na mjakazi, mnyama wa kufugwa, na mgeni aliye ndani ya malango. Katika Kumbukumbu la Torati sura ya 5 amri hiyo hiyo inarudiwa, lakini sababu imebadilika. Hapo hakuna habari ya kuumba ulimwengu. Waisraeli wanaambiwa wakumbuke kwamba walikuwa watumwa Misri, na kwamba mtumwa na mjakazi wao sharti wapumzike kama wao wenyewe. Na Kutoka 23 inataja hata ng'ombe na punda. Punda, jamani! Mwenye kupewa amri ni yule mwenye uwezo wa kumwambia mwingine "fanya" naye akafanya. Yeye ndiye anayeambiwa siku hiyo asiseme.

Tangu hapo kila Jumapili naitazama Salama kwa macho mengine. Nawaona vijana wa mikokoteni ya punda wakipakia mitungi ya maji tangu alfajiri, kwa sababu sisi tunaokwenda ibadani twataka kuoga. Namwona kijana wa petroli amesimama palepale nilipomwacha jana. Nawaona akina mama wakitoka kanisani saa saba, wanavua viatu vya heshima, wanashika jembe au mtungi, huku sisi vijana na akina baba tumekaa chini ya mwembe tukizungumzia mahubiri. Hata hapa shuleni, tunapoimba kwaya asubuhi, moshi wa jikoni unapanda. Wapishi wetu waliamka saa tisa usiku ili tuimbe tukiwa tumeshiba. Je, tuliwahi kuwauliza wao hupumzika lini?

Najua kuna watakaosema, "Huyu naye anataka tufe njaa!" La hasha. Mtu akiugua Jumapili, muuguzi awepo. Ng'ombe akitumbukia shimoni atolewe, Yesu mwenyewe alisema hivyo katika Luka 14. Na sisi watu wa Makueni na Kitui twajua mvua ilivyo bahili. Ikinyesha Novemba siku ya Jumapili baada ya kiangazi kirefu, mimi sitamhukumu mkulima atakayeshika jembe. Hata Konstantino alimwelewa. Lakini ng'ombe akitumbukia kila Jumapili, tena ng'ombe yule yule, basi tuache kumlaumu ng'ombe tukalifunike shimo. Dharura ni ya siku moja. Dada amekuwa katika dharura yetu mwaka mzima.

Wala hili si suala la dini peke yake. Sheria ya Ajira ya nchi yetu ya mwaka 2007, kifungu cha 27, inasema mfanyakazi ana haki ya angalau siku moja ya kupumzika katika kila siku saba. Haisemi Jumamosi wala Jumapili. Inasema moja. Kuhusu sisi wanafunzi, Kanisa la Waadventista Wasabato lilikwenda mahakamani kwa ajili ya watoto wao waliotakiwa kuhudhuria masomo Jumamosi, na mwaka 2017 Mahakama ya Rufani ikakubaliana nalo. Mimi, ingawa nilikuwa mpinzani ukumbini, naunga mkono uamuzi huo kwa mikono miwili. Ila naona tumekuwa hodari wa kudai siku zetu na wazito wa kutoa siku za wengine. Msabato na mtu wa Jumapili wote wawili waweza kutoka ibadani wakamkuta mjakazi yule yule jikoni.

Basi nikaenda kwa Mama. Nilianza na Kumbukumbu la Torati, akanisikiliza, kisha akaniambia neno moja: "Mwanangu, Jumapili ndiyo inayolipa karo yako." Na ni kweli. Mabasi ya wikendi hujaa, na pesa ya siku hiyo ni kama ya siku mbili za kawaida. Nilinyamaza. Mama yangu si mtu mbaya, naomba msimfikirie hivyo. Anaamka kabla ya Dada na kulala baada yake. Amelelewa akiambiwa kwamba achanikaye kwenye mpini hafi njaa, na mpini huo ndio uliotulea. Nikatambua kwamba nilitaka Dada apumzike kwa gharama ya Mama, huku mimi nikibaki na Jumapili yangu nzima. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, nami nilikuwa nimesimama wima.

Wiki iliyofuata nilimwambia Mama nitabaki mimi. Nilifunga aproni, Dada akavaa gauni ya bluu ambayo sikuwahi kuiona, akaenda zake kanisani. Chapati zangu zilikuwa ramani ya Afrika, na dereva mmoja aliuliza kama mpishi amefariki. Jua lilipotua miguu yangu ilikuwa inawaka moto. Dada alirudi saa kumi na moja. Alisema baada ya ibada alikwenda kwa rafiki yake, wakakaa tu. "Mlifanya nini?" nikamuuliza. "Nimekwambia. Tulikaa tu." Alicheka, na nikagundua kwamba sikuwa namjua vizuri akicheka.

Sasa tumepanga zamu, Jumapili moja Dada ndiye anayebaki, moja Mama, moja mimi. Si mpango mtakatifu. Kila mmoja wetu hukosa ibada mara moja katika majuma matatu, na watu wa kanisani wameanza kuuliza mbona Mama haonekani kwaya. Zaidi ya hayo, yule ambaye zamu ni yake hupewa Jumatatu, lakini Jumatatu mimi niko darasani, kwa hivyo yangu hupotea. Mwenzangu mmoja aliniambia nimeivunja Sabato kwa kupika. Nilifikiri sana juu ya maneno yake. Maoni yangu ni kwamba nilikuwa nikiivunja zamani, nilipokuwa nimeketi kanisani nimetulia tuli.

Yesu alisema, katika Marko sura ya 2, kwamba Sabato ilifanywa kwa ajili ya mwanadamu. Siku hizi nikisoma hapo namwona mwanadamu huyo akiwa na ndoo, sufuria au ufagio mkononi. Ninamwomba mwenyekiti wa chama atakapotuita tena kwenye mdahalo atupe mada nyingine, kwa sababu ile ya siku gani tumeijadili vya kutosha. Nanyi wenzangu, kabla hamjafika ukumbini, piteni kwanza jikoni kwenu mkaulize.