Dashibodi Inawaka Kama Disko, Injini Inakufa Kimya Kimya

Staa mmoja wa Bongo (jina kapuni), mwenye asili ya Njinjo kule Kilwa, ana Subaru Impreza ya turbo ambayo mjini kila mtu anaijua. Pembeni ya kioo cha mbele kapanga geji tatu: busti, presha ya oili na joto la oili. Usiku zinawaka nyekundu. Akiposti video, mashabiki wanamwaga emoji za moto. Kumbe geji mbili kati ya hizo hazipimi kitu. Zimepewa umeme wa taa tu, sensa hazijafungwa!

Siri ilifichuka barabarani. Babu yake mzaa mama alifariki Njinjo, maziko yakapangwa alasiri. Staa akampakia mama yake, wakatoka Dar asubuhi, mwendo ule ule wa video. Nangurukuru wakaacha barabara kuu, wakakata kulia kama wanaokwenda Liwale. Muziki juu. Injini ikaanza kugonga, hakuna aliyesikia. Taa ya oili ilipowaka, mchezo ulishaisha.

Mama akamalizia safari kwa bodaboda. Alifika Njinjo wanaume wanarudi kutoka makaburini. Uso wa baba yake hakuuona tena.

Wapo watakaosema ni bahati mbaya. Bahati mbaya gani, wakati aliyelipa hakukagua na fundi aliyefunga alijua?

Wapo pia watakaosema geji zote ni ushamba. Hao nao wamekosea. Turbo huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika na inachoegemea ni oili. Taa ya oili ya kiwandani huwa haiwaki mpaka presha iwe imekaribia kuisha kabisa. Mshale wa joto wa magari mengi ya sasa nao umetengenezwa kukaa katikati hata joto likipanda kiasi, dereva asipate presha. Ukitaka kuujua ukweli mapema, geji ya kuongeza ina maana kubwa.

Ila lazima iwe inapima. Sensa ya presha inafungwa kwenye njia ya oili, au kwenye kisahani kinachokaa kati ya filta na injini. Ni kazi ya kuchafuka mikono. Kuvuta waya wa taa ni kazi ya dakika chache, na mteja wa kiki hatauliza. Ndiyo maana wengi huanza na busti, kwa sababu mshale wake unacheza vizuri kwenye video. Busti inakuambia turbo inasukuma hewa kiasi gani. Haikuambii kwamba oili imekwisha.

Kuijua geji feki hakuhitaji shahada. Washa swichi bila kuwasha injini: presha ya oili isome sifuri. Washa injini ya baridi: ipande juu. Injini ikipata moto na gari limesimama linanguruma: ishuke. Ukikanyaga mafuta: ipande tena, na kipimo ambacho mafundi wengi hukitumia ni takriban psi 10 kwa kila mizunguko 1,000. Mshale usiotikisika katika hayo yote ni pambo, kama kishikio cha funguo. Halafu weka na kengele, maana macho ya dereva yako barabarani, na ya staa yako kwenye simu.

Impreza ilishinda Safari Rally ya Kenya mwaka 1997, Colin McRae akiwa kwenye usukani. Heshima ya gari hilo ilipatikana kwenye vumbi na mashimo, kwa injini iliyotunzwa. Vijana wa mjini wamechukua sauti na rangi, utunzaji wakauacha Kenya.

Geji moja inayosema kweli inazishinda tatu zinazopendeza. Mwenye hela ya geji tatu hashindwi kununua oili safi kwa wakati, na hashindwi kusimama juu ya fundi mpaka sensa ya mwisho ifungwe.

Staa keshafunga injini nyingine, na mjini wanasema kaongeza geji ya nne. Mama yake siku hizi akienda Njinjo anapanda basi.

Wadau, za kwenu zinapima au zinawaka tu?