Sura za Marehemu Wetu

Wako watu wanaosema kwamba kutundika ukutani sura ya marehemu ni kiburi tu. Na wengine huongeza kuwa ni kuabudu wafu. Sisi tunakataa. Mtaguso wa pili wa Nisea, mwaka 787, ulikwisha kufundisha kwamba heshima inayopewa sura humwendea yule aliyechorwa. Na pale Uvira, tarehe 18 Agosti 2024, walipotangazwa wenye heri Padri Carrara, Padri Didonè, Padri Joubert na Bruda Faccin, waliouawa Baraka na Fizi mwaka 1964, waamini walitazama sura zao. Je, waliabudu wafu?

Lakini sisi wa Kalehe tunayo sababu ya karibu zaidi. Tarehe 4 Mei 2023, siku ya Alhamisi, siku ya soko la Nyamukubi, maji yalishuka kutoka milimani pamoja na mawe na matope, yakazoa nyumba za Nyamukubi na Bushushu. Maiti zilizookotwa zilipita 400. Nyingi zilitiwa katika makaburi ya pamoja, na watu wengine wengi hawakuonekana tena. Nyumba ikienda na maji, picha zake zinakwenda nayo. Basi mtoto aliyekuwa akinyonya wakati ule, leo anauliza uso wa mama yake, na jirani anamjibu: «Mlifanana kidogo.» Kaburi lenye jina hana, uso nao hana.

Tutaambiwa: picha zimo katika simu. Simu ipi? Ile iliyoibiwa sokoni, au ile iliyoanguka ziwani? Na jambo la kushangaza ni hili: katika nyumba nyingi utakuta kalenda yenye sura ya mgombea wa uchaguzi uliokwisha pita, bwana asiyejua hata njia ya kwetu, lakini sura ya nyanya aliyewalea watu wa nyumba ile haipo.

Tunaomba basi kila jumuiya ianze kukusanya kabla ya tarehe 2 Novemba. Ndugu walioko Bukavu na Goma waulizwe. Kila picha itolewe nakala mbili, moja ikae mbali na mto. Na nyuma yake liandikwe jina, kijiji, na mwaka wa ubatizo kama unajulikana. Na aliye na picha ya arusi ambamo mmoja wa marehemu wale amesimama nyuma, pembeni, nusu ya uso imefichwa na kofia ya mtu, asiseme: «Haonekani vizuri.» Ailete.